Ufundi wa Reli na Wanaoudharau

Twataka kusema neno lililotukaa kooni kwa muda. Hatuandiki ili kumwaibisha mtu, ndiyo maana hatutaji jina. Lakini hatutasema kwa upole kupita kiasi, kwa kuwa jambo lenyewe halina upole.

Kijana mmoja wa kwetu Vigwaza alimaliza kidato cha nne akiwa na alama nzuri za hesabu na fizikia, akapata nafasi ya kwenda kusomea ufundi wa reli katika chuo cha Tabora. Barua ikaja, ikasomwa. Baba yake akaikunja, akaitia mfukoni, akatuambia sisi walimu tuliokwenda kumpongeza: "Walimu wangu, nawaheshimu. Lakini sikuuza mbuzi wanane ili mwanangu akajipake grisi. Grisi hata hapa ipo." Wazee waliokuwapo barazani wakacheka, na mmoja akaongeza kwamba reli ilikuwa ya Wazungu, ikawa ya Wahindi, sasa ni ya Waturuki, kazi ya mtu wa pwani ni kuipungia mkono ikipita.

Siku ile tulinyamaza, kwa kuwa si adabu kumbishia mzee barazani pake. Hapa tupo mbele ya watu wote, na twasema wazi: maneno yale ni ya hasara, na wenye kuyasema ni wengi, wala hawako katika kijiji kimoja tu.

Na tutazame kwanza mahali tulipo. Si vijiji vingi katika nchi hii vilivyo jirani na reli kama vyetu. Upande wetu wa kusini, penye stesheni ya Ruvu, yapita reli ya kati, ambayo Wadachi walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Hapo Ruvu yachipuka reli ya kiungo iliyofunguliwa mwaka 1963, ikaenda kaskazini kuishika reli ya Tanga. Ililala miaka mingi bila treni ya abiria, nyasi zikaota kati ya mataruma, hata mwezi Desemba 2019 treni ya Moshi iliporudi kupita. Na sasa iko reli ya tatu, ile pana ya umeme ambayo watu huiita kwa herufi zake, SGR. Abiria walianza kupanda kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na hadi Dodoma mwezi Julai mwaka ule ule. (Tumezoea kusema gari la moshi, na hili halina moshi, basi tuliite treni.) Barabara inayokata hapa Vigwaza yaenda Kwala, kwenye bandari kavu, na huko ndiko uchukuzi wa mizigo kwa reli hiyo ulikozinduliwa tarehe 31 Julai 2025. Malori yanayotutimulia vumbi yanakwenda na kurudi kwa ajili ya reli. Hata hivyo mtu wa kwetu ukimwuliza ana nini katika reli hiyo, atakuambia ameuza shamba lake karibu nayo, akanunua pikipiki.

Wazee wetu wamesahau, au hawataki kukumbuka, kwamba jambo hili limekwisha kutupata mara moja. Kabla ya reli, mali ya bara ilishuka Bagamoyo mabegani mwa watu, nao watu wa pwani waliishi kwa misafara hiyo: wenye kuuza chakula, wenye nyumba za kupangisha, wenye mitumbwi ya kuvusha mto Kingani, ambao ndio huu huu Ruvu wetu unapokaribia bahari. Mji ulikuwa umekwisha kupungua tangu Wadachi walipohamisha makao ya serikali kwenda Dar es Salaam mwaka 1891. Reli ikaja kuumalizia. Mzigo ukapita pengine, na aliyekuwa akila kwa mzigo akabaki kutazama.

Wale hawakuwa na kosa. Katika siku za Wadachi, na za Waingereza baada yao, ngazi za kazi ya reli zilipangwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini pamoja na nyundo na koleo. Wengi walioujua ufundi kwa kuutazama tu walibaki kuitwa wasaidizi hata mvi zikawatoka. Mwaka 1960 wafanyakazi wa Kiafrika wa reli, wakiongozwa na Christopher Kasanga Tumbo, waligoma majuma mengi kwa kudai haki zao. Basi wale walifungiwa mlango na watu wa nje. Kwetu sisi mlango u wazi, na aliyesimama kizingitini kumzuia mtoto asipite ni baba yake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye hiyo grisi.

Wengi wadhani kwamba reli ikiisha kujengwa imekwisha. Hivyo ndivyo wanavyowaza juu ya kitu cha chuma, ingawa juu ya nyumba zao za udongo hawawazi hivyo, maana kila masika yakipita huzikandika upya, na asiyekandika watu humwona mvivu. Chuma nacho kina masika yake. Kikipata joto hurefuka: kilomita moja ya reli, jua likiizidishia joto kwa digrii 30, hutaka kurefuka kwa sentimita 34 hivi. Katika reli za zamani mafundi waliacha nafasi ndogo kati ya pau na pau, ndiyo sababu ya ule mlio uliowalaza usingizi baba zetu safarini. Pau za reli mpya zimeungwa kwa kuchomelewa, nafasi hakuna, na kinachozizuia zisipinde kama nyoka ni mataruma, vibanio na kokoto. Kokoto zikichukuliwa na mvua, au vibanio vikilegea, njia inayotazamika kuwa nzuri asubuhi yaweza kupinda adhuhuri. Mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko yaliikata reli ya kati baina ya Kilosa na Gulwe, na safari zikasimama kwa miezi. Mtu aonaye mapema kwamba maji yamekula chini ya taruma ni yule anayetembea juu ya njia, mwenye matope hata magotini.

Na gurudumu je? Treni haina usukani. Kinachoishika juu ya reli ni umbo la gurudumu lenyewe na ukingo wake wa ndani. Ukingo huo hulika kidogo kidogo, na ukipita kipimo waweza kuipanda reli badala ya kuifuata. Fundi huupima kwa milimita. Zamani mafundi walipita na nyundo wakiyagonga magurudumu moja moja: zima likalia kama kengele, lenye ufa likatoa sauti iliyokufa. Siku hizi viko vyombo vya kuuona ufa usioonekana kwa macho, lakini chombo chataka mtu wa kukishika, na mtu huyo sharti ajue anachokitazama.

Tungependa wazee watuvumilie kidogo juu ya breki, kwa sababu hapo ndipo penye roho za watu. Breki ya treni hufanya kazi kwa hewa iliyosindikwa. Bomba moja lapita chini ya mabehewa yote, na kila behewa lina tangi lake. Dereva akitaka kusimama hupunguza hewa katika bomba, ndipo matangi yanapofungua hewa yao na kuzibana breki. Mmarekani George Westinghouse aliuleta utaratibu huu mwaka 1872, na hekima yake ni kwamba bomba likikatika treni husimama yenyewe. Ni akili kubwa. Lakini hewa huvuja. Vali huchakaa, vibanzi vya breki huisha, na treni iliyosimama mlimani kwa muda mrefu hupungukiwa polepole na nguvu iliyoishika, wala hakuna abiria atakayelijua hilo. Atakayelijua ni fundi, ikiwa yuko, ikiwa amefundishwa, na ikiwa amepewa saa yake ya kukagua.

Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 ilikuwa katika milima ya Dodoma, baina ya Msagali na Igandu. Ilirudi nyuma mteremkoni, mwendo ukazidi, hata ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa nyuma. Walikufa watu 281. Juu ya chanzo yamesemwa mengi, nasi si baraza la uchunguzi. Twashika neno moja tu ambalo halina ubishi: treni ile ilihitaji kuzuiwa, na haikuzuilika. Mwenye kusema kwamba kazi ya breki ni kazi ya mtu aliyeshindwa masomo, na alisimulie neno hilo kwa waliozika ndugu zao siku zile.

Treni ya umeme haina jambo jepesi zaidi. Waya ulio juu yake wabeba volti 25,000, nao umening'inizwa kwenye vikombe visivyopitisha umeme. Mwaka 2024, treni ilipokwama na shirika likatangaza kwamba ngedere na bundi waligusa nyaya, nchi nzima ilicheka. Sisi nasi tulicheka, hatuwezi kukana. Lakini mnyama akiunganisha waya na nguzo, umeme hukimbilia ardhini, nayo mitambo hujizima ili kuilinda njia. Hapo mtu sharti aondoke, hata kama ni usiku, afuate njia nguzo kwa nguzo mpaka aone palipoungua. Waliobaki wakicheka walilala vitandani mwao.

Mwenye kudhani twatia chumvi na aitazame TAZARA. Wachina waliijenga kati ya mwaka 1970 na 1975, wakaikabidhi mwaka 1976: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ndani ya milima na mabonde ya kutisha. Ilikuwa kazi ya kuogofya. Miaka ikapita, vichwa vya treni vikafa kimoja kimoja kwa kukosa vipuri na matengenezo, njia ikalegea, treni zikalazimika kutambaa mahali ambapo zamani zilikwenda mbio. Hata mwaka 2025 ukatiwa sahihi mkataba wa miaka 30, wenye thamani ya dola za Marekani bilioni 1.4, wa kuiweka reli hiyo mikononi mwa kampuni ya China ili iifufue na kuiendesha. Hatuwalaumu Wachina, wamekuja kwa sababu wameitwa. Ila twauliza: yule mzee aliyesema reli ni ya wageni, je, hakuona kwamba reli huwa ya wageni kwa njia hiyo hiyo? Haiwi ya mgeni siku aijengapo. Huwa yake siku mwenyeji ashindwapo kuitengeneza.

Liko na jambo la mwaka 1977, ambalo vijana hawalijui. Reli zetu zilikuwa sehemu ya shirika moja la Afrika Mashariki, na makao makuu pamoja na karakana kubwa vilikuwa Nairobi. Jumuiya ilipovunjika, kila nchi ikabaki na kilicho ndani ya mipaka yake. Tanzania ikaunda shirika lake mwaka ule ule, na iliwalazimu kuanza kujifanyia wenyewe mambo ambayo jana yalipelekwa kwa jirani. Hakuna aliyeuliza siku zile kama fundi ana kola nyeupe. Leo vichwa vya umeme vimetoka Korea, njia imejengwa na Waturuki kwa upande wetu na Wachina kwa upande wa ziwa, na wote hao wana kwao. Siku watakapofunga mizigo yao, ni nani atakayebaki na funguo za karakana?

Lakini haitakuwa haki tusipomsikiliza yule baba. Hakuwa na kiburi tu. Alikuwa na hofu, na hofu yake ina msingi. Tulipokwenda mara ya pili alitueleza kwamba mjomba wake alifanya kazi katika reli ya zamani, akarudi nyumbani na barua tu. Twajua nasi. Wastaafu wa Jumuiya iliyovunjika walidai haki zao miaka mingi, hata mahakamani, wengi wakafa wakidai. Mwaka 2007 shirika likapewa kampuni ya India kuliendesha; mkataba ule ukavunjika kabla ya miaka mingi kupita, na katika miaka hiyo wafanyakazi waligoma mara kwa mara kwa ajili ya mishahara. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kuambiwa tu "mambo sasa ni mazuri" akaamini, wala sisi hatutamwambia hivyo, kwa kuwa hatumo katika ofisi zinazolipa.

Tunalomjibu ni hili. Mjomba wake alidhulumiwa malipo. Ufundi wake hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Mwenye kujua hewa iliyosindikwa, beringi, mota za umeme na uchomeleaji, akikosa treni ana mashine za viwandani, ana viwanda vya saruji, ana bandari. Karani wa reli aliyepunguzwa kazini alitoka na kalamu. Tena mshahara usiolipwa huwapata hata makarani, na hata walimu. Hilo twalijua pasipo kuambiwa.

Nasi walimu hatuna mikono safi. Ni nani aliyemfundisha yule baba kwamba ufundi ni adhabu? Ni sisi. Mara ngapi tumesimama mbele ya darasa tukasema, "Msiposoma mtakuwa mafundi"? Tumelifanya jina la fundi kuwa fimbo ya kuwatishia watoto, kisha twashangaa baba akiiogopa fimbo hiyo hiyo. Mtoto mwenye hesabu nzuri twamwambia awe daktari au mwanasheria. Mwenye hesabu mbaya ndiye twamwelekeza kwenye spana. Huo ni ujinga uliovaa koti, kwa sababu pasipo hesabu spana ni kipande cha chuma tu. Mwalimu asemaye hivyo tena, wenziwe na wamkataze.

Kwa wazazi wasiojua njia yenyewe ilivyo, twasema kwa ufupi. Ziko ngazi tatu. Fundi mchundo hushika kazi yenyewe kwa mikono. Fundi sanifu husoma stashahada, hupima, huongoza kikundi, huandika taarifa ya kila ubovu. Mhandisi husoma miaka minne chuo kikuu, kisha hufanya kazi chini ya wakubwa kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijampa jina hilo. Aliyeanza ngazi ya kwanza aweza kupanda, na mara nyingi huwa mhandisi bora kuliko aliyeshukia juu, maana ameusikia mlio wa beringi iliyokauka kwa sikio lake. Wala ngazi hizi si za wavulana tu. Kidole cha msichana chapima milimita sawasawa na cha mvulana, na wanawake wanaoendesha treni na kuzitengeneza wamekwisha kuonekana. Anayetaka kubisha na aende stesheni akatazame.

Neno moja la mwisho, nalo ni chungu. Wako kati yetu wanaosema reli si yao, na usiku huenda kung'oa vibanio na kukata nyaya za shaba wauze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hapo reli huwa yao ghafula! Kibanio kimoja huuzwa kwa bei ya mkate. Wanakijiji huwajua watu hao kwa majina, na viongozi huwajua, na kimya chetu sote ndicho kinachowalinda. Lau kila nyumba ya tatu ingekuwa na mtoto karakanani, hatudhani kwamba kimya hicho kingedumu.

Barua ya yule kijana ingali mfukoni mwa baba yake. Jumamosi hii twakwenda kwake mara ya tatu, walimu watatu, na safari hii twafuatana na mzee mmoja wa upande wa Ruvu aliyekuwa fundi wa breki kabla ya kustaafu. Alituuliza avae nini. Tukamwomba asivae kanzu ya sikukuu, aje na ovaroli yake. Siku zilizobaki kabla ya chuo kufunguliwa ni 17.